Sambusa Laini za Jubilei

Kazi yangu ni sambusa. Naziuza mjini Bukoba, za harusi, za ubatizo, za vikao vya ofisi, na wateja wakinisifu husifu jambo moja tu: ukiuma, jirani anasikia. Siri kubwa sina. Manda, zile chapati nyembamba za kukunjia nyama, nazisukuma mbili kwa pamoja, katikati nimepaka mafuta na kunyunyiza unga, nazipitisha kwenye chuma cha chapati juu ya moto mdogo, kisha nazibandua zingali za moto, vidole viungue visiungue. Alinifundisha mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mmoja wa wale wachache waliobaki mjini baada ya ndugu zao kuhamia Dar es Salaam na nje ya nchi. Hakuwa mtu wa maneno. Manda ikichanika alikuwa ananiangalia tu, nami najua hiyo ni ya kwangu, naila kavu hapo hapo nimesimama. Nilikula nyingi kabla mkono haujakaa sawa.

Nasema haya mapema ili nisije nikaonekana mtu wa hasira za bure. Sambusa ikilegea ni aibu ya mpishi. Mteja haulizi mafuta yalikuwaje wala mvua ilinyesha saa ngapi. Anaibonyeza kwa kidole, anakuangalia, basi.

Wazazi wangu walipotimiza miaka hamsini ya ndoa, kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi benki huko Dar, alifungua kundi la WhatsApp. Sisi watu wa Kagera tukifungua kundi la sherehe hatulali. Palikuwa na mwenyekiti, mhazini, mtu wa maturubai, mtu wa muziki, na wajomba ambao kazi yao ilikuwa kutuma picha za maua kila asubuhi. Misa ingesomwa parokiani, kisha watu warudi nyumbani kwetu, upande wa Rubya, wilaya ya Muleba, kwa chakula. Mama alitaka twende Kashozi, kanisa alilofungia ndoa na karibu na kwao alikozaliwa, lakini Tata asingeweza kukaa kwenye gari muda huo wote. Kwa Kihaya baba ni Tata, na sijawahi kumwita vingine, kwa hiyo nitaendelea hivyo.

Kaka alileta ratiba. Wageni wakitoka kanisani wangepokelewa chini ya turubai kwa juisi na vitafunwa vidogo vya kuumwa mara moja, wakati picha zinapigwa na ndizi zinamalizikia jikoni. Ndivyo wanavyofanya Dar, alisema. Mimi nikapewa vitafunwa: sambusa za nyama, ndogo ndogo. Nikaandika "sawa" na kidole gumba juu. Hakuna hata mmoja katika kundi lile, pamoja na wajomba wa maua, aliyeona tulichokosea.

Aliyeona ni Mama. Alinipigia simu mchana mmoja nikiwa nasukuma manda.

"Mwanangu, hizo sambusa ndizo zitatangulia?"

"Ndiyo, Mama. Kabla ya chakula."

"Sasa nani ataonja?"

Mkono wangu ulisimama juu ya ubao. Jamani! Tumesoma, tumezunguka, tumesahau mambo ya nyumbani kwetu.

Kwetu mgeni hali wala hanywi kitu kabla mwenye mji, yaani mkuu wa nyumba, hajakionja mbele ya macho yake. Ikiwa ni rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, mwenyeji anatangulia kunywa. Ikiwa ni kahawa ya kutafuna, yeye ndiye anayetupa punje ya kwanza mdomoni. Chochote kinachotangulia kufika mbele za watu ndicho kinachoonjwa, kisha mwenyeji anasema "karibuni", na hapo ndipo mikono inapotoka. Wanasema ni ili mgeni ajue hakuna sumu. Siku hizi sijasikia mtu kalishwa sumu kwenye jubilei, lakini wazee wanangoja vile vile. Niliwahi kuona benchi zima la wazee wakikaa na sahani mapajani mpaka mchuzi ukaganda, kisa mwenyeji katoka nje kupokea simu.

Na Tata hakuwa mtu wa kuonja tena. Mwaka uliotangulia alipata kiharusi. Tulimkimbiza hospitali ya Rubya, Mungu akasaidia, akarudi nyumbani mzima isipokuwa mkono wa kulia na shavu la kulia. Hivyo vilibaki vizito. Maneno nayo yalikuwa yanakuja, lakini ilibidi ayakusanye kwanza, na ukimharakisha yanatawanyika. Chakula ndicho kilikuwa shida zaidi. Ndizi zilipondwa zikawa kama uji mzito, Mama akamlisha kwa kijiko chumbani, mlango umefungwa. Kitu kikavu kilimkwama shavuni na kumkohoza mpaka macho yanakuwa mekundu. Muuguzi alitufundisha: tonge dogo, kidevu kifuani, asiseme mpaka ameze. Zaidi ya Mama na mimi hakuna aliyemwona akila.

Nimekosea, alikuwapo mmoja. Tata ana rafiki yake kutoka Kimwani, mzee wa rika lake, wamejuana tangu wakiwa vijana wanaopeleka kahawa kuuza pamoja. Huyo ndiye mtu mgumu kuliko wote kwa habari ya kuonjewa. Watu bado wanasimulia alivyokataa pombe ya harusi kwa sababu mwenyeji alionja kwenye kikombe kingine. Basi mzee huyu alikuja hospitalini bila taarifa, akamkuta Tata analishwa, uji unamtoka pembeni mwa mdomo. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka bila kuaga. Tata hakumtaja mwezi mzima. Alipomtaja alisema neno moja tu: "Ameniona."

Kaka alipoambiwa kuhusu kuonja alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa habari za viti. Mama alikuwa ameweka simu sauti ya nje, na Tata yuko kwenye kiti chake dirishani.

"Hilo dogo, Mama. Nitaonja mimi kwa niaba ya Mzee."

Nilikuwa nimekwenda kuwasalimia siku hiyo, nikamwona Tata anakusanya maneno. Yalichukua muda, lakini yalipotoka yalikuwa yamenyooka.

"Mimi nimekufa?"

"Hapana, Tata, waitu, nilikuwa na maana..." Waitu ndiyo "jamani" yetu ya Kihaya.

"Siku utakayoonja wewe hapa, mimi niwe migombani."

Sisi tunazika kwenye kibanja, kwenye migomba yetu nyuma ya nyumba, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kufafanua. Mwenye mji akifa, mrithi wake ndiye anayeonja watu wakikusanyika, na hapo kila mtu anajua mji una mwenyewe mpya. Kaka hakuwa na nia mbaya. Ana haraka tu, ugonjwa wa Dar. Lakini mwana kuonja huku baba yake amekaa hapo kavaa kanzu, ni kumzika mtu akiwa anakuangalia.

Basi jambo likawa hilo, na tangu siku ile hatukuwa na jingine. Tata aonje mwenyewe, mbele ya watu wote, kwa mkono wake wa kulia, ameze, aseme karibuni. Akishindwa, watu wangerudi makwao, wa Rubya, wa Bukoba na wa Kimwani, wakijua pale kwetu kumebaki jina.

Mimi nilipendekeza njia rahisi. Tuondoe sambusa, tutangulize kitu laini, hata supu nzito. Tata alinikazia macho.

"Nionje uji mbele ya watu? Sambusa zibaki."

Alitaka waone anatafuna nyama. Sikumlaumu. Nilifunga oda zangu za mjini, nikabeba ubao wangu, mti wa kusukumia na chuma cha chapati, nikapanda gari kwenda nyumbani.

Ya kwanza nilimtengenezea kama ninavyotengeneza siku zote, sijui nilidhani nini. Labda nilitaka ale kazi yangu nzuri, kwa sababu hakuwahi kuila. Nilipoanza kusifiwa mjini yeye alikuwa mtu wa ndizi na maharage, sambusa aliziita vitu vya dukani. Aliuma. Ikalia, kweli ililia. Halafu vipande vikamtapakaa mdomoni, akaanza kukohoa, Mama akampiga mgongoni huku ananitazama mimi kana kwamba nimetia mchanga kwa makusudi.

"Unataka kuniulia mtu?"

"Mama, ni sambusa tu."

"Hiyo si sambusa, hiyo ni kigae."

Miaka yote ya kazi, nikaitiwa manda zangu vigae. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka nikapoa.

Kisha nikaanza kuharibu kazi yangu kidogo kidogo. Sina neno jingine. Nilikata manda vipande vya upana wa vidole viwili, sambusa ikatoka ndogo, inaingia mdomoni nzima bila kuumwa. Nyama nilimwambia mchinjaji aisage, airudishe mashineni aisage tena, na nilipofika nyumbani nikaitwanga kwenye kinu. Vitunguu nikavikata mpaka vikakosa umbo. Tangawizi nikakamua maji tu, nyuzi nikatupa. Giligilani majani matupu, bila vijiti. Pilipili manga kwa mbali, maana ikimpalia tumekwisha. Nyama nikaiacha na unyevu wake, jambo ambalo lingemfanya yule mama wa duka la vitambaa anifukuze jikoni, kwa sababu nyama yenye majimaji inalowesha manda. Nikakaanga kwa moto wa wastani, zikiwa bado nyeupe nikazitoa, nikazitia kwenye hotipoti na kuzifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Mtu mwingine anafunika ili zisipoe. Mimi nilifunika ili zilegee.

Nilimpelekea moja. Aliiweka mdomoni kwa mkono wa kushoto, kidevu kikashuka kifuani, tukasubiri. Shavu lilikwenda polepole, likasimama, likaenda tena. Koo likapanda, likashuka. Hakukohoa.

"Haina kelele," alisema baada ya muda.

"Haina, Tata."

"Lete nyingine."

Sitasema sikufurahi. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nimemlisha kitu ambacho nisingemuuzia hata adui.

Ukabaki mkono. Kwetu mtu mzima hali kwa mkono wa kushoto mbele za wageni, ni bora akae na njaa. Tata alianza mazoezi yake mwenyewe bila kutushirikisha. Aliomba kisahani cha kahawa ya kutafuna, akawa anakaa nayo dirishani, anaokota punje moja kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, anaipeleka kisahani cha pili. Zilianguka zaidi ya zilizofika. Mama aliziokota sakafuni na kunung'unika kwamba nyumba imekuwa ghala. Siku moja niliona ameshika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, kwa chini, ndani ya koti, anausukuma mkono juu. Punje ikafika mdomoni. Alipogeuka akaniona, akashusha mkono haraka. Nikajifanya natafuta chumvi.

Sasa nieleze hasira yangu. Mpango wangu ulikuwa safi. Ningekaanga sambusa za wageni kama inavyotakiwa, kavu, zinazolia, na pembeni mwa sinia ningepanga laini chache, upande wa Tata. Zinafanana, nani angejua? Nilimwambia Mama tukimenya ndizi. Alikataa kabla sijamaliza.

"Kinachoonjwa ndicho kinacholiwa. Utamdanganya nani?"

"Siyo kudanganya, Mama, ni kumsaidia."

Kumbe Tata alikuwa anasikia, dirisha lake linatazama jikoni. Maneno yake yalitufikia moja moja.

"Mwenyeji anayeonja chake, akawapa wageni kingine. Huyo ndiye mchawi."

Hapo niliwaka. Nilikasirika kweli, siyo kidogo. Wateja wangu wa Bukoba wangekuwepo, watu walionipa harusi za watoto wao. Wangebonyeza sambusa zangu kwa kidole, waangaliane, waseme yule mama amechoka, au anatumia za jana. Na mimi nisingeweza kwenda meza kwa meza nikieleza kwamba zimelegezwa kwa ajili ya shavu la baba yangu, kwa sababu hilo ndilo tulilokuwa tunalificha. Jina la mpishi linajengwa kwa miaka na kubomoka kwa sinia moja. Niliosha vyombo siku hiyo kwa kishindo mpaka Mama akasema, "Sufuria hilo halijakukosea."

Nikazitengeneza zote laini. Zote. Wanawake wa jirani walikuja kusaidia kukunja, na mmoja wao, fundi wa kuchokonoa, akauliza mbona nazitoa nyeupe hivi, mafuta yamepanda bei? Wenzake wakacheka. Nikamwambia akunje, maneno ataongea kwenye kikao cha vikoba.

Siku yenyewe mvua ilitishia ikapita. Misa ilikuwa ndefu kama kawaida ya misa zetu, padri alifurahi, kwaya ikafurahi zaidi. Mimi nilitoka kabla ya baraka ya mwisho nikakimbilia jikoni. Magari yaliporudi, sinia la kwanza lilikuwa tayari. Watu wakajaa chini ya turubai, wazee mbele. Yule rafiki wa Kimwani aliletwa na mwanawe, akaketishwa mstari wa kwanza, mkabala na Tata kabisa. Walisalimiana kwa kichwa. Tata alikuwa amevaa kanzu na koti jeusi, Mama pembeni yake katika kitenge cha njano, amenyooka kana kwamba anapigwa picha ya pasipoti. Asubuhi hiyo, nikimfunga Tata viatu, aliniambia akimwangalia mtu asiyekuwepo: "Yule wa Kimwani. Nataka anione." Nikajua ndiye anayemwonjea. Wengine wote walikuwa nyongeza.

Nilikwenda na sinia, nikapiga magoti mbele yake kama inavyotupasa wanawake. Mshereheshaji akaomba utulivu, mwenye mji anaonja. Watu walinyamaza mara moja. Hata watoto.

Mkono wa kulia ulitoka. Wa kushoto ulikuwa umeushika kwa chini, ndani ya koti, mimi peke yangu niliona kitambaa kinavyosogea. Vidole vilifika kwenye sinia, vikashika sambusa, ikateleza, ikarudi ilikotoka. Nyuma yake kaka yangu aliinama, mkono wake ukaanza kunyooka kuelekea sinia. Nilimtupia jicho ambalo sijamtupia tangu utotoni. Akaurudisha mfukoni.

Tata akashika tena. Safari hii ilipanda. Ilipita kidevu, ikagusa mdomo wa chini, ikaingia. Akashusha kidevu kifuani. Nadhani wengi walidhani anasali.

Akatafuna.

Sijui ilichukua muda gani. Mtu anayetazama chungu anaona hakichemki. Shavu lake lilikwenda, likasimama. Kikohozi kikaanza, nilikiona mabegani kabla hakijafika kooni, akakizuia kwa pua, macho yakamjaa maji. Mama hakugeuka, lakini mkono wake ulikuwa umekamata kitenge chake hapo gotini na kukikunja. Nikasikia kiti kimoja kinalia nyuma, halafu mtu akasafisha koo. Nilitaka kuwageukia niwaambie wote wafumbe macho. Shavu likaenda tena, polepole, na mimi nikawa natazama koo lake tu, nikimwomba Bikira Maria mambo ambayo siyo ya kumwomba, kwamba nyama ile niliyoitwanga iwe maji.

Koo likapanda. Likashuka.

Chakula kilikwenda. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, niliona kimekwenda chote. Akainua kidevu, shavu tupu, mdomo mkavu. Akaanza kukusanya neno lake. Lilikuwa ni neno moja tu, na nilimwona analitafuta.

Na hapo hapo mzee wa Kimwani akasimama.

Hakuona koo, kutoka alipokaa asingeweza, mimi na sinia tulikuwa katikati. Aliona rafiki yake kainama muda mrefu na macho yamejaa machozi, akaona mambo aliyoyaona hospitalini. Alikuja kwa fimbo yake mpaka kwenye sinia langu, akachota sambusa, siyo moja, akazitia mdomoni mbele ya kadamnasi, bila kukaribishwa, yeye aliyekataa pombe ya harusi kwa ajili ya kikombe. Akageukia watu huku anatafuna.

"Mimi nimekula kwa mtu huyu tangu tukiwa na meno yote! Leo ndiyo atanitilia sumu? Kuleni, waitu! Mnangoja nini?"

Turubai lililipuka. Vigelegele, makofi, wazee wanapiga fimbo chini. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti. Kaka yangu alivua miwani akafuta macho, akasema, "Huo ndio urafiki," na nadhani amelisema mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu kila anayesimulia jubilei ile anasimulia hapo. Muziki ukafunguliwa. Masinia mengine yakaanza kupita, mikono ikatoka kila upande, na kwa jinsi watu walivyofurahi hakuna aliyebonyeza sambusa kwa kidole. Mzee wa Kimwani alikuwa amezungukwa, anashikwa mikono, amempa Tata mgongo. Alikuwa amefanya jambo kubwa, na ninampenda kwa ajili yake mpaka leo. Siku ile, kwa kitambo hicho, ningeweza kumvunjia ile fimbo.

"Karibuni," Tata alisema.

Lilitoka limekamilika, kila herufi mahali pake. Spika zilikuwa zinalia. Alitazama mbele, migongo ya watu, akavuta pumzi.

"Karibuni."

Mama alikuwa anapewa mikono na wageni upande wa pili. Kaka alikuwa anamtafuta mpiga picha. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, sinia mikononi. Mpishi kwetu anakula mwisho, watu wote wakishashiba, na binti wa nyumba si mgeni wa kukaribishwa. Niliweka sinia chini kwenye nyasi, nikachukua sambusa moja kwa mkono wa kulia.

"Asante, Tata," nikasema. "Tumekaribia."

Nikaitia mdomoni. Akanitazama nikitafuna, hakuondoa macho mpaka nilipomeza. Ndipo akaniambia niinuke, nipeleke sinia kwa wageni.